Bwawa la mita 8 kwa 4 na jakuzi, Kigamboni: pampu moja inatosha?

Kibada12:
Wakuu, habari za leo. Nondo zinaanza kusukwa wiki ijayo, nataka vifaa vijulikane kabla zege halijamwagwa. Bwawa ni mita 8 x 4, kina kinaanza 1.1 hadi 1.7. Pembeni kuna jakuzi ya watu wanne, lita 1,500, matundu 6 ya kupuliza, imeinuliwa sentimita 40 ili maji yamwagikie bwawani. Fundi amependekeza pampu moja ya hp 1.5 ifanye kazi zote, filta ya mchanga ya milimita 500, mabomba ya milimita 50 na hita ya kilowati 3. Umeme ni wa njia moja (single phase), maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Naomba mnikosoe.

Mabomba_na_Koki:
Mkuu, anza na ujazo. 8 x 4 x wastani wa 1.4 ni kama mita za ujazo 45. Ukitaka maji yote yapite kwenye filta kila saa 6, unahitaji 7.5 kwa saa, basi. Hiyo ni kazi ya pampu ya hp 0.75. Ile ya hp 1.5 inasukuma karibu 20, na hapo ndipo balaa linapoanzia: ndani ya bomba la 50 maji yatakimbia mita 3.5 kwa sekunde, wakati upande wa kuvuta hayatakiwi kuzidi 1.5. Pampu itanguruma kama inasaga kokoto, na filta ya 500 itapitisha uchafu moja kwa moja kwa sababu maji yanapita mchangani kwa kasi mno.

Kwa hiyo pampu ndogo, filta kubwa. Chukua filta ya 600, mchanga wa silika wa milimita 0.5 hadi 1, si mchanga wa baharini. Siku ya kwanza andika presha ya geji kwa maka peni kwenye filta yenyewe. Ikipanda nusu baa juu ya hapo, geuza vali uoshe mchanga.

Matundu 6 ya jakuzi yanakula karibu mita za ujazo 3 kwa saa kila moja, jumla 18. Hayo yapewe pampu yake, na bomba lake la kuvuta liwe 75. Chini ya jakuzi weka midomo miwili ya kuvuta kwenye bomba moja, iachane sentimita 90 au zaidi, yenye vifuniko visivyonasa nywele. Mdomo mmoja peke yake unaweza kumng'ang'ania mtoto chini ya maji. Marekani walitunga sheria ya jambo hili mwaka 2007, baada ya mtoto kufa hivyo kwenye jakuzi.

VoltiMbili30:
Kuhusu hita. Lita 1,500 kutoka nyuzi 27 hadi 38 zinataka uniti 19 hivi za LUKU. Kilowati 3 itachukua zaidi ya saa 6, na bila mfuniko itachukua hata zaidi. Hita ya kilowati 9 itamaliza kwa saa 2, ila inavuta ampea 39 kwenye njia moja. Feni, friji na AC vitabaki kuomba. Hiti pampu, yaani mashine inayovuta joto la hewani na kulitia majini, kwa joto la Dar itatumia uniti 4 au 5 tu. Uliza kama koili yake ya ndani ni titani, kwa sababu maji yako yana chumvi. Saketi zote ziwe na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, taa za volti 12, transfoma ikae zaidi ya mita 3.5 kutoka ukingo wa maji.

Kibada12:
Asanteni sana. Fundi anasema vali ya kuzuia maji kurudi itafungwa baadaye. Na mashine ya kutengeneza klorini kutoka chumvi ya majini je, inafaa?

Mabomba_na_Koki:
Mwambie hapana. Jakuzi iko juu kwa sentimita 40. Umeme ukikatika, maji yake yanarudi kupitia bomba la kurudisha na kushuka bwawani, asubuhi unaikuta imepungua. Vali ikae kwenye bomba la kurudisha la jakuzi, ndani ya chumba cha pampu, iwe na kifuniko cha kufungua. Ikizikwa chini ya vigae, siku kokoto ikiiziba utavunja sakafu.

Mashine ya chumvi inataka kilo 4 kwa kila mita ya ujazo, yaani 180 kwako, lakini toa zilizomo kisimani tayari. Peleka maji yapimwe kwanza. Chuma kilichomo majini unaweza kukipima nyumbani: jaza ndoo nyeupe, tia klorini kidogo, acha ilale. Maji yakigeuka rangi ya chai, yatatia madoa plasta. Na plasta mpya ikae siku 28 ndipo chumvi iingie.

Tofali_Nne:
Mmesahau maji ya chini ya ardhi. Masika kisima cha jirani kinajaa hadi karibu na juu. Weka vali ya kupunguza shinikizo la maji hayo chini kabisa ya bwawa, na usimwage maji yote ya bwawa msimu huo, maji ya chini yatalinyanyua na nondo zake. Chumba cha pampu kikichimbwa chini ya ardhi kiwe na shimo la kutolea maji, la sivyo mota itaogelea kabla yenu.

Kibada12:
Zege limeahirishwa. Narudi na mchoro wa mabomba.