Huyu wa boti nyeupe kisiwani Formentera, Hispania, na "nyasi zitaota" yake: nani kampa usukani?

Omo na Tezi
Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye spika kubwa kuliko injini. Leo tena, mchana kweupe, jirani na kisiwa kidogo cha Espalmador, kadondosha nanga katikati ya doa jeusi, yaani shamba la posidonia, nyasi za baharini. Na mchanga mweupe ulikuwa mita 50 tu mbele yake, eneo la kutosha kuchezea ndondo! Boti ya doria ikamsogelea, vijana wakamwomba kwa adabu asogee, tena ushauri wao ni bure. Yeye akanywa funda, akafuta mdomo, akajibu: "Nyasi tu hizo, zitaota."

Zitaota?! Posidonia inatambaa sentimita 1 mpaka 6 kwa mwaka. Ukichimba shimo la upana wa mita 1, hata mashina ya pande zote yakikimbilia katikati, kufunga ni miaka 8 mpaka 50. Atakayekuja kukagua kama zimeota ni kitukuu.

Na hilo ni shimo la nanga pekee. Kina mita 8, ongeza mita 1 ya omo (mbele ya boti) juu ya maji, zidisha kwa 4 ili nanga ishike: mnyororo mita 36. Upepo ukizunguka pande zote, mnyororo unaweza kufyeka duara la karibu mita za mraba 3,800, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kwa ajili ya saa mbili za kuogelea na muziki mbovu.

"Nyasi tu hizo." Mmea una mizizi, maua na matunda! Majani hayo yameingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na Ibiza tangu 1999. Amri ya visiwa vya Balearic, ambamo Formentera na Ibiza zimo, ya kukataza nanga juu yake ni ya 2018, si ya jana. Akanywa funda lingine, wallahi.

Napita Tu
Uzi mtamu huu. Naweka kiti.

Kichwa Maji
Mkuu, unalilia majani kwa uchungu huu, ukifiwa na kuku utafanyaje? 😂

Omo na Tezi
Wewe ndiye uliyekuwa kwenye spika, nakujua.

Fundi Winchi
Kinachochekesha ni kwamba hata yeye hapati faida. Nanga juu ya posidonia haishiki, inadanganya. Ncha inanasa kwenye mashina ya chini, unavuta kidogo unaona imekaza, unaenda kulala. Upepo ukipanda inang'oka na bonge zima la mizizi, na ikishajaa bonge hilo haichimbi tena popote. Asubuhi boti zimebebana.

Kutia nanga kistaarabu si elimu ya chuo kikuu. Ingia jua likiwa juu, vaa miwani ya kukata mng'ao, weka mtu omo. Buluu nyepesi ni mchanga; doa jeusi ni posidonia au mwamba, na vyote viwili huvitaki. Usipime mahali pa nanga tu, pima duara zima la mnyororo. Elekea upepo, shusha mpaka iguse, rudi nyuma taratibu ukiachia mnyororo, mwisho kaza kwa injini. Wengi wanaharibu wakati wa kuondoka: wanaivuta boti kwa winchi, mnyororo unalima shamba. Nenda mbele kwa injini mpaka mnyororo usimame wima, hapo ndipo ung'oe.

Msimu wa joto kuna maboya ya kukodi sehemu kadhaa visiwani, unafunga boti hapo badala ya kutia nanga. Unaweka nafasi mtandaoni. Soma urefu wa boti unaoruhusiwa kwenye boya hilo, usije na meli ya mita 20 kwenye boya la mita 10.

Kichwa Maji
Kumbe hapa kuna wasomi. Basi nanyamaza.

Mke wa Baharia
Mnahangaika na huyo wa nanga, na yule wa hoteli mnamwacha? Mnamjua pia. Kila mwaka kabla ya wageni analeta katapila ufukweni kuzoa majani makavu ya posidonia, eti yananuka. Majani yale ndiyo ukuta wa mawimbi ya dhoruba! Katapila likikomba, linaondoka na mchanga uliojificha ndani yake, halafu mwaka unaofuata analia ufukwe umepungua. Kama lazima uondoe, subiri dhoruba za baridi ziishe, tumia reki na vyombo vyepesi, bakiza tabaka la chini. Yeye kaweka kikadi bafuni "tumia taulo lako mara mbili", basi ni hoteli ya kijani.

Omo na Tezi
Sawa dada, lakini huyu alisema ZITAOTA. Mbele ya doria.

Pwani Moja
Mkitaja taulo mmenitonesha. Ufukwe wa La Pelosa kule Stintino, Sardinia, Italia, taulo haligusi mchanga bila mkeka chini yake, kwa sababu taulo lililolowa linaondoka na mchanga. Tiketi euro 3.50, watu 1,500 kwa siku, basi. Na bado kuna mtu atafika saa tano na taulo la manyoya la kitanda kizima, akitetemeka kwa hasira getini. Nafasi inawekwa kabla ya safari, jamani!

Shangazi Venezia
3.50 ni nafuu. Venezia wanatoza wageni wa mchana tu: euro 5, na kuanzia 2025 ukichelewa kulipia ni 10. Haifanyi kazi siku zote, ni siku zilizotangazwa, saa 2:30 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Anayelala mjini halipi, ila lazima achukue msimbo wa msamaha. Watu wanasikia "halipi", wanakuja mikono mitupu, wanamkaripia mkaguzi. Na kati ya wanaokaripia yumo yuleyule kila wikiendi, nyie mnamjua.

Napita Tu
Yule wa kofia?

Shangazi Venezia
Huyohuyo!

Omo na Tezi
Jamani. Nanga. Mita za mraba 3,800.

Kichwa Maji
Mkuu, zitaota 😂😂

Mzee Kikomo
Santorini, kisiwa cha Ugiriki, mmeisahau. Wameweka kikomo cha wageni 8,000 wa meli kwa siku, na ada ya euro 20 kwa kichwa msimu wa kilele. Lakini meli zikishusha asubuhi kwa pamoja, kikomo cha siku hakikusaidii saa nne, foleni ya gari la kebo la kupanda mjini iko palepale. Halafu kuna wanaoamua kupanda punda.

Mke wa Baharia
Punda wana kikomo pia. Kilo 100, au sehemu moja ya tano ya uzito wa punda mwenyewe. Sheria ya Ugiriki ya 2018.

Napita Tu
Sasa yule wa kofia atapandaje?

Pwani Moja
Apande kwa miguu. Mabegi yake yapande kebo.