Swali langu limekunjwa mara nne na kuchomekwa chini ya mguu wa meza ya kikao

Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini, salaam.

Ninaandika haya nikiwa nimerudi kutoka kikao cha wazazi muda usiofika saa moja uliopita. Viatu vyangu bado vina tope la uwanja wa shule, na chai niliyoandaliwa imepoa bila kuguswa, kwa sababu kila ninapoitazama meza, hata hii ya nyumbani kwangu isiyo na kosa lolote, damu inanipanda kichwani.

Mhusika simtaji, wala hakuna haja. Kila mzazi wa upande huu wa Mbeya aliyewahi kukalia dawati la mtoto wake, magoti yakigusa kidevu, anamfahamu yule bwana wa kofia ya pama, anayeanza kila sentensi kwa maneno "sisi kama kamati" na anayekohoa kabla ya kutaja fedha. Mkikutana naye msinisalimie kwake.

Jambo lenyewe ni hili: swali langu amelikunja mara nne, akalichomeka chini ya mguu wa meza.

Nieleze kwa utaratibu, ingawa utaratibu ndio ulionifikisha hapa. Tangu muhula uliopita wazazi haturuhusiwi kunyoosha mkono na kuuliza, eti kwa ajili ya kuokoa muda na kulinda staha ya kikao. Mwenye swali analiandika kwenye kipande cha karatasi, mtunza hazina anapita na ile kofia ya pama kama anayekusanya sadaka, kisha bwana mkubwa anavimwaga vipande mezani na kuvichambua kama mchele wa Kyela, chuya huku na mawe kule. Yanayosifu yanasomwa kwa sauti ya redio. Yanayouliza tarehe ya kufunga shule yanasomwa pia. Yanayouliza fedha "yatajibiwa ofisini", na katika ofisi hiyo sijawahi kumkuta kiumbe isipokuwa panya, ambaye naye hakuwa na majibu. Yanayobaki yanahesabiwa kuwa na lugha isiyofaa.

Langu nililiandika kwa kalamu ya bluu kwenye nusu karatasi niliyoichana haraka katika daftari la hisabati la binti yangu. Lilisema hivi: "Kwa heshima na taadhima, ninaomba kufahamishwa fedha ya mlinzi, shilingi 2,000 kwa kila kaya kila mwezi, inakwenda wapi, kwa kuwa milango miwili ya madarasa imeibwa usiku na mlinzi mwenyewe hatumjui hata kwa sura." Nionesheni lugha isiyofaa iko wapi hapo. Marehemu bibi yangu aliwafukuza kuku kwenye ulezi kwa maneno makali kuliko hayo, na alikuwa mwanakwaya.

Akalisoma. Nilimwona kwa macho yangu, midomo yake ikitembea taratibu, ikafika kwenye neno "mlinzi" ikasimama. Wakati huohuo akanyoosha mkono kumimina chai, meza ikayumba kwa kuwa mguu wake mmoja ni mfupi, kikombe kikateleza, chai ikamwagikia daftari la mahudhurio. Basi bwana yule, bila haraka na bila hata kutazama huku na huku kama afanyavyo mtu anayejua kwamba anakosea, akaikunja karatasi yangu mara moja, akaikunja mara ya pili, akaikunja mara ya tatu, akaipima kwa jicho akaona bado ni nyembamba, akaikunja mara ya nne, akainama, akaichomeka. Akaitikisa meza kwa kiganja. Ikatulia tuli. Akatabasamu na kusema, "Tuendelee."

Tuendelee! Watu elfu moja waliona. Haya, walikuwa kama sitini, lakini macho yao yalikuwa ya watu elfu moja.

Mguu ule ungeweza kusaidiwa na kipande cha tofali, na matofali yamejaa pale nje tangu tulipochangia choo ambacho hadi leo kina msingi na nia njema tu. Kulikuwa na kifuniko cha boksi la chaki. Kulikuwa na kile kikaratasi cha mzazi aliyeandika ukurasa mzima wa pongezi, ambacho kwa unene kilifaa zaidi. Yote hayo hakuyaona, akaliona langu. Mara nne, jamani! Hata barua ya posa haikunjwi mara nne.

Nikasema moyoni nivumilie, nisubiri muhtasari. Katibu akasimama, akasoma: "Maswali ya wazazi yalipokelewa na yote yalijibiwa." Yote! Wakati anasoma hayo, mimi nilikuwa ninatazama chini ya meza, na kona ya karatasi yangu ilikuwa imechungulia pembeni mwa ule mguu. Neno moja tu lilikuwa linasomeka. "Taadhima."

Tena nyuma ya karatasi hiyo kuna hesabu sita za kugawanya ambazo binti yangu anatakiwa kuzikabidhi Jumatatu. Atamwambia nini mwalimu? Kwamba kazi yake ya nyumbani inafanya kazi ya shule?

Sina hoja ndefu. Najua mtaniambia niende kwa afisa elimu kata, nifuate ngazi, niandike barua. Niandike kwenye karatasi tena? Ninachotaka ni kipande changu kile, kama kilivyo, na mikunjo yake yote minne.

———

Bajaji wa Kabwe
Pole sana, mkuu. Kabla sijatoa rambirambi kamili, ninaomba ufafanuzi wa jambo moja: meza ilitulia mpaka mwisho wa kikao?

Mleta uzi
Ilitulia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama Wawili wa Iyunga
Basi mleta uzi ashukuru, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la mzazi kuleta maendeleo yanayoonekana katika shule hiyo. Mimi nimeuliza kwa miaka mitatu mfululizo na hakuna hata kiti kilichotengemaa. Kikao kijacho andika kwenye kaunta buku zima, huenda tukapata jengo la utawala.

Mleta uzi
Dada yangu, ninakuheshimu, lakini wewe hukukaa pale ukitazama maandishi yako yakikanyagwa na mbao.

Parachichi la Tukuyu
Kyala wangu! Ninyi wa mjini mnalalamikia mguu wa meza, wakati sisi huku Rungwe hatuhitaji hata vikaratasi, kwa kuwa mwenyekiti wetu anaitumia mvua. Ajenda zinapangwa hivi: taarifa ya shule, taarifa ya taaluma, taarifa ya shamba la shule, shukrani kwa wageni, halafu mwisho kabisa "mengineyo". Bwana huyo anajua kwamba huku ikifika saa nane mchana mvua haina utani, kwa hiyo anasoma taarifa ya shamba mgomba mmoja baada ya mwingine, akitupia jicho dirishani. Tunapofika kwenye mengineyo, mabati yanalia kiasi kwamba hata ukipiga yowe, jirani yako anadhani unaimba. Mwaka jana nilisimama nikauliza swali langu lote kwa sauti ya juu, yeye akawa anaitikia kwa kichwa, na kwenye muhtasari nikaandikwa kwamba niliomba radhi kwa kuchelewa.

Bajaji wa Kabwe
Mkuu wa Tukuyu, wewe ndiye mwenye malalamiko. Huyu wa meza alau swali lake lilisomwa.

Mleta uzi
Lilisomwa kimoyomoyo! Na kisha likakunjwa mara nne!

Katibu Mstaafu
Kamwene. Ninaandika kutoka Iringa, na nilikuwa katibu wa kamati ya shule ya msingi kwa miaka sita, kwa hiyo ninaomba mnipige mawe baada ya kumaliza kusoma. Utaratibu wa vikaratasi haukuzaliwa kwa ubaya. Kabla yake, kikao kilichoanza saa nne asubuhi kilifika saa kumi jioni kikimjadili mbuzi aliyekula miche ya shule, mwenye mbuzi na mwenye miche wakiwa wameshikana mashati, na wazazi waliokuja kuuliza kuhusu matokeo ya watoto wakiwa wameshaondoka. Hata hivyo, swali la fedha ya mlinzi si la kuchujwa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima iliondolewa, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku kwa ukali michango ya kulazimishana shuleni. Kama mlinzi huyo analipwa kwa hiari yenu, basi aliyetoa kwa hiari ana haki ya kuuliza kwa hiari, na jibu lilitakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla hata hajauliza. Ama kuhusu meza, sisi tulitumia kizibo cha soda.

Mama Wawili wa Iyunga
Katibu mstaafu, tunakushukuru kwa nyaraka. Je, wewe ndiye uliyekuwa unaandika "yote yalijibiwa"?

Katibu Mstaafu
Mimi niliandika "yalipokelewa". Kuna tofauti.

Debe la Mwanjelwa
Mnisamehe kwa kuingilia msiba wa watu, lakini kukunjwa ni heshima ukilinganisha na kuhaririwa. Mimi niliuliza kwa maandishi kwa nini makande ya watoto yamekuwa mahindi matupu, ilhali nilipeleka debe zima la maharage, na sijaelezwa yalikohamia. Mwenyekiti wetu akakishika kikaratasi changu, akarekebisha miwani, akakisoma mbele ya watu hivi: "Mzazi mmoja anapongeza lishe ya watoto wetu na anauliza kama anaruhusiwa kuongeza maharage." Nilipigiwa makofi. Akina mama wa safu ya mbele waligeuka kunitazama kwa upendo. Ningefanya nini?

Bajaji wa Kabwe
Ulifanya nini?

Debe la Mwanjelwa
Niliongeza maharage.

Parachichi la Tukuyu
Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kama kuna tatizo. Ulipeleka soya njano au yale ya rangi ya maziwa? Kwa sababu kwetu soya njano haifiki kwenye sufuria ya shule. Inageuza njia inapomwona mpishi.

Debe la Mwanjelwa
Soya njano, ndugu yangu. Debe la pili nilipeleka yenye wadudu kidogo, kwa makusudi, na nina taarifa kwamba hayo ndiyo watoto waliyokula.

Mleta uzi
Ninaomba kwa heshima turudi kwenye meza. Uzi huu haukufunguliwa kwa ajili ya maharage.

Katibu Mstaafu
Kuhusu maharage, utaratibu ulio sahihi ni mzazi kushuhudia yakipimwa na jina lake kuandikwa kwenye daftari la stoo, kisha yeye mwenyewe kutia saini. Msipofanya hivyo, hamna ushahidi.

Msindano wa Mafinga
Katibu mstaafu anazungumzia madaftari kana kwamba tunayaona. Shuleni kwetu waliondoa vikaratasi na kuleta sanduku la maoni, la mbao nzuri za kwetu, limepigwa vanishi, limetundikwa nje ya ofisi, lina kufuli, na ufunguo anao yuleyule ambaye kila mzazi anaandika kumlalamikia. Tuliandika muhula mzima bila jibu. Mwezi uliopita mtoto wa darasa la tatu alitumwa kutumbukiza barua ya baba yake akarudi ameumuka mdomo, ndipo tukajua kwamba nyuki walishahamia humo muda mrefu, na kwamba ule muungurumo tuliokuwa tunausikia kwenye vikao haukuwa wa wazazi.

Mama Wawili wa Iyunga
Kwa hiyo malalamiko yenu yote yako ndani ya mzinga?

Msindano wa Mafinga
Yalikuwa. Mrina asali alikuja jioni na moshi, akalifungua kwa patasi kwa kuwa ufunguo "haukuonekana". Barua zilikuwa zimegandamana na masega. Moja ilikuwa ya mke wangu, kuhusu choo cha wasichana, na mstari wa mwisho ulikuwa bado unasomeka vizuri.

Bajaji wa Kabwe
Huo ndio uzi uliotakiwa kufunguliwa leo. Kamati inayochuja maswali kwa kutumia nyuki haijawahi kusikika.

Mleta uzi
Nyuki hawakukusudia. Yule wangu alikusudia. Aliipima kwa jicho, akaona nyembamba, akaikunja tena!

Debe la Mwanjelwa
Mkuu, tumekuelewa, mara nne. Mafinga, hao nyuki walikuwa wakali, au ni wale wadogo wasiouma sana?

Msindano wa Mafinga
Wakali. Mwalimu wa zamu alirukia kwenye shamba la mahindi na kiatu kimoja.

Parachichi la Tukuyu
Na asali ilipatikana kiasi gani, na iligawanywa kwa utaratibu upi? Sanduku hilo si lilinunuliwa kwa michango ya wazazi?

Msindano wa Mafinga
Nilimuuliza mwalimu mkuu swali hilohilo. Akaniambia niliandike vizuri, sanduku litakaporudishwa ukutani nilitumbukize.