Tupeane uzoefu: kijana mwenye ulemavu wa akili au ugumu wa kujifunza, mlimfundishaje kazi mpaka akaajirika?

Mama Jose
Habari zenu wanajamvi. Nimefungua faili la shule la mwanangu kutafuta cheti fulani nikajikuta nasoma ripoti za miaka yote, na kila mwaka wameandika kitu kilekile, "anaendelea kuandaliwa kwa ajili ya kazi". Mwanangu ana Down sindromu, sasa hivi ni mtu mzima na ndevu zake, na hiyo kazi hajaiona. Anajua kutunga shanga, anajua kupanga vijiti kwa rangi, ila hajawahi kukabidhiwa toroli wala fagio akaambiwa hii kazi ni yako, ukimaliza niite. Naombeni mliofanikiwa mseme mlianzia wapi, na mliokwama nanyi semeni, roho inaniuma.

mwl. Karakana
Mama Jose, hiyo "anaandaliwa" ndiyo inayowazeesha vijana wetu. Wenye uzoefu wa ajira saidizi, yaani kumpa mtu kazi ya kawaida akiwa na wa kumsaidia hapo kazini, siku nyingi wanasema muingize kazini kwanza, umfundishe hukohuko. Kijana mwenye ulemavu wa akili anajifunza vizuri tu, kinachomsumbua mara nyingi ni kuhamisha alichojifunza sehemu moja akakitumie sehemu nyingine, umemfundisha mashine ya kufulia ya darasani, ukimpeleka kwenye mashine yenye kitufe upande wa pili inakuwa kazi mpya kabisa. Sasa si bora umfundishe palepale atakapofanyia?

Nilikuwa na binti wa kutandika vitanda wodini. Niliivunja kazi vipandevipande, halafu nikaanzia mwisho. Natandika mimi kila kitu, namwachia kuchomeka pembe ya mwisho na kuweka mto. Akimaliza anaona kitanda kimekamilika kwa mkono wake mwenyewe. Akishaizoea hiyo namwachia pembe mbili, kisha upande mzima, narudi nyuma hivyohivyo mpaka siku nimesimama mlangoni sina cha kufanya. Na usiongee sana, ukimsemesha kila saa anakusikiliza wewe badala ya kuangalia shuka. Marekani miaka ya 1970 Marc Gold, mtaalamu wa elimu maalumu, aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki za baiskeli zenye vipande vingi, watu ambao kila mtu alishasema hawafundishiki, na msimamo wake ulikuwa kwamba akishindwa, badilisha namna ya kumfundisha.

Nyundo
Naunga mkono, vitendo kwanza

Kaka Mkubwa
Huu uzi umenirudisha mbali. Mdogo wangu ana ulemavu wa akili ila sio mkali, ukiongea naye dakika mbili unaweza usigundue, na balaa lilianzia hapo. Alipata kazi stoo moja kubwa, kupanga mizigo kwenye rafu, na kwenye kupanga alikuwa hatari, maboksi yote lebo zinatazama mbele. Siku moja supavaiza akamwambia "nisubiri hapahapa, usiondoke mpaka nirudi", akapigiwa simu, akaenda zake akasahau. Shifti ikaisha, taa zikazimwa, stoo ikafungwa.

Sisi nyumbani saa zinakwenda hatumuoni. Tulizunguka hospitali, tukaenda polisi, mama amelia mpaka sauti imekauka, baba hataki hata kukaa. Tunampigia simu inaita mpaka inakata, tunapiga tena inaita, mimi nikasema huyu ameshauawa mtu amechukua simu. Asubuhi mlinzi anafungua anamkuta amesimama palepale kando ya rafu, amejikojolea, miguu imevimba, simu iko mfukoni. Kwa nini hukupokea? Akasema kazini simu ni marufuku. Na kweli, karatasi imebandikwa ukutani, alisomewa siku ya kwanza.

Halafu wakamfukuza, eti hana akili ya kujiongeza. Jamani, hakuvunja amri hata moja, alizitii zote usiku mzima!! Mpaka leo ukimwambia "nisubiri" anakushika mkono.

Bi Safi
Nimelia mimi 😭 pole sana kaka

Supavaiza wa Stoo
Pole mkuu, ila mimi ndio kazi yangu hiyo ya usupavaiza na nitasema. Huyo supavaiza aliambiwa? Mnatuletea kijana, mnanyamaza, mkitegemea tutagundua wenyewe, likitokea jambo sisi ndio wabaya.

Kaka Mkubwa
Tulishasema ukweli sehemu nyingine kabla ya hapo, wote wakasema tutawapigia. Hatujapigiwa mpaka kesho. Ungefanyaje wewe?

Supavaiza wa Stoo
Ningesema, ila nisingeanza na jina la hali yake. Ukiniambia ulemavu wa akili mimi naogopa, sijui nifanye nini nayo hiyo. Niambie hivi, "huyu akipewa amri anaifuata mpaka mwisho, kwa hiyo kila ukimpa amri mpe na mwisho wake, mwambie nisubiri mpaka saa kumi, nisipokuja nenda getini." Hapo umenipa kitu naweza kukifanya, na ukweli maelekezo hayo yangewafaa vijana wangu wote.

Nyundo
Ndio maana mimi naona watu kama hao wawe na karakana yao, wana uangalizi, hakuna wa kuwasahau. Huku nje ni kuwatesa

Herufi Zinaruka
Watu kama hao ndio nani mkuu? Mimi nina disleksia, yaani kusoma na kuandika kunanipa shida, nimekaa shule nikiitwa mzito, ningefuata mawazo yako saa hizi ningekuwa nasuka vikapu kwenye chumba cha peke yetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 27, unataja kazi mtu aliyoichagua mwenyewe kwa hiari, kwenye soko la ajira lililo wazi kwa wote. Kwenye hizo karakana mtu anaingia kijana anatoka mzee, na malipo yake ni kiduchu.

Mimi nimeshika kazi kwa vitu vidogo tu. Simu inanisomea meseji na fomu, sivii niliitamka kwa mdomo simu ikaandika, dada yangu akarekebisha. Stoo ya vipuri niliomba lebo ziwekwe rangi na picha pembeni ya maandishi, wenzangu walilalamika wiki ya kwanza, sasa hivi wao ndio wanaangalia rangi kuliko mimi.

Nyundo
Punguza hasira. Nina binti mwenye mtindio wa ubongo na uelewa wake ni wa taratibu, hapo kwenye stoo nimemuona yeye amesimama gizani. Usidhani nimekurupuka tu

Herufi Zinaruka
Sawa, nimekuelewa mzee wangu. Lakini hofu yako asibebeshwe yeye.

mwl. Karakana
Turudi kwenye mada kabla hatujachanana. Kisa cha Kaka Mkubwa kinaonyesha kitu ambacho darasani hakifundishwi kabisa. Tunamfundisha kupanga boksi, hatumfundishi kujua kazi imeisha, zamu imeisha, na namna ya kumfuata mtu ukasema "sijaelewa" au "nimekwama". Watoto wetu wamelelewa kusifiwa kwa kutulia na kutii, sasa ghafla tunataka wajiongeze. Ni lazima yafanyiwe mazoezi. Mimi huwa namwachia kijana ndoo iliyotoboka makusudi, nakaa pembeni, sisogei mpaka aje mwenyewe kusema ndoo mbovu. Mwanzoni wanaweza kukaa nayo asubuhi nzima. Na saa ya kutoka iwe na alamu ya mtetemo mfukoni, ikitetemeka anaaga, anaondoka, hata bosi awe anaongea.

Supavaiza wa Stoo
Hata bosi akiwa anaongea? Hapo mwalimu unatutafutia ugomvi 😂

mwl. Karakana
Mimi nachukua lawama, mradi afike nyumbani.

Bi Safi
Mimi nina sehemu ya kufua na kupiga pasi, nina vijana wawili wenye usonji. Ushauri wangu, ombeni siku ya majaribio badala ya intavyu. Intavyu inampima mtu kuongea na kukutazama machoni, kazi yangu ni kukunja mashuka, wala sihitaji kutazamwa. Mmoja hakunijibu swali hata moja, nikampa rundo akakunja pindo kwa pindo mpaka nikaona aibu kwa ninavyokunja mimi. Ratiba yao iko ukutani kwa picha, kazi ikiisha anageuza picha. Nikitaka kubadilisha utaratibu naonyesha jana yake, sio asubuhi hiyohiyo, nikishtukiza siku yote inaharibika.

Mjomba Tall
Mnasahau mapumziko!! Wengi hawafukuzwi kwa sababu ya kazi, kazi wanaiweza, wanaponzwa na namna ya kukaa na watu. Mpwa wangu alikuwa anakumbatia kila mtu, mpaka wateja. Mfundisheni salamu ya mkono, nani wa kukumbatia nani hapana, na asikopeshe mtu, kuna wenzake walikuwa wanamkopa kila mwisho wa mwezi hawarudishi.

Bi Safi
Sikubaliani hapo kwenye salamu ya mkono, wangu mmoja kuguswa kunamuumiza. Apunge tu. Hilo la kukopwa naunga mkono mia kwa mia

Herufi Zinaruka
Mama Jose, hujatuambia kijana mwenyewe anapenda nini. Asipoambiwa na mtu, anafanya nini?

Mama Jose
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Viti. Wageni wakiondoka anarudisha viti vyote, anachuchumaa anaangalia mstari kwa jicho moja, kimoja kikiwa nje kidogo anaanza upya. Siku zote nilimwambia aache, vinatosha.

mwl. Karakana
Mama, usimwambie tena aache! Kumbi za mikutano wanahangaika na viti kila siku. Nenda naye mwenyewe, acha lile faili nyumbani, omba apange safu moja wao wakiangalia. Akichukuliwa nenda wewe au ndugu ukae naye siku za mwanzo, kisha uwe unapungua kidogokidogo, na mtafute mfanyakazi mmoja wa palepale awe mtu wake wa kumuuliza.

Mama Jose
Upo ukumbi sio mbali na kwangu, Jumatatu nakwenda naye. Malipo niyataje siku hiyohiyo au nisubiri kwanza?

Bi Safi
Siku hiyohiyo. Ukianza na "anajitolea" atajitolea mpaka uzeeni

Supavaiza wa Stoo
Subiri kwanza wauone ule mstari wa viti, halafu ndio utaje, utataja kubwa zaidi.