Naomba ushauri: nibakize wachezaji wangapi wa mstari wa mbele katika kikosi cha watu 53?

Habari zenu, ndugu. Mimi na wenzangu tunaendesha ligi yetu ya futiboli ya Kimarekani katika mchezo wa kompyuta, tukifuata kanuni za NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo nchini Marekani: wachezaji 53 katika kikosi kikuu na 16 katika kikosi cha mazoezi. Kinachonisumbua ni wale watu wazito watano wa mstari wa mbele wanaomkinga kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Msimu uliopita nilibakiza saba tu, nikajaza nafasi kwa wapokeaji wa pasi wenye mbio, na wawili walipoumia kwotabeki wangu akawa anashinda chini kuliko wima.

Ninafahamu kwamba tangu 2020 timu yenye angalau wanane wa mstari huo siku ya mechi huruhusiwa kutumia wachezaji 48 badala ya 47, kwa hiyo wanane ni lazima. Ninayesita naye ni wa tisa: nikimpeleka kikosi cha mazoezi, timu nyingine inaweza kumsajili katika kikosi chake kikuu, nikimbakiza, sijui nimwache nani. Mfano ni timu ya Kansas City: waliofungwa 31-9 na Tampa Bay katika fainali ya Februari 2021 bila walinzi wao wawili wa pembeni waliozoeleka, waliujenga upya mstari wote, na Trey Smith, waliyemchagua raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya, akapata namba mwaka huohuo.

Je, huyo wa tisa awe mkongwe anayemudu nafasi zote tatu za kati, au kijana mrefu wa pembeni ambaye bado hajaiva?