Stori ya mjomba inanoga mwaloni, nikiiweka kwenye video watu wanakimbia. Tatizo ni nini?

Mtoto wa Igombe:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hili jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Nina mjomba wangu kavua dagaa miaka mingi sana huku Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria, tangu enzi za karabai, zile taa za mafuta ya taa za kupampu, kabla hizi taa za sola hazijaingia. Kipindi cha mbalamwezi si mnajua dagaa hawafuati taa, wavuvi wanashinda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wanashona nyavu na jioni ni stori tu. Ana stori yake moja nimeisikia kama mara kumi na bado akiianza chai yangu inapoa. Anaanza hivi: "Usiku ule tulitega taa tano. Nikainua macho nikahesabu, sita." Halafu ananyamaza, anakaza fundo la wavu kwanza, wala hana haraka. Watu wazima kimya kabisa, siku moja nimemwona mama muuza uji kasimama na kikombe cha mteja mkononi kasahau kumpa.

Nikasema hii lazima niirekodi. Nikaweka na picha za ziwa usiku, na muziki, kazi ya siku tatu, nikaipandisha YouTube na TikTok. Nikiangalia takwimu wengi wanaondoka hata sekunde kumi hazijafika. Ile sauti ya mjomba peke yake, bila chochote, nikaitupia grupu la familia WhatsApp, hiyo ikasikilizwa mpaka mwisho na shangazi akapiga simu kutoka Sengerema anataka kuongea na mjomba. Stori ileile, mdomo uleule. Kwa nini huku inashika na kule inakufa?

Banda la Igoma:
Kaka mi nimekulia kwenye mabanda ya video Igoma. Tulikuwa tunaangalia picha za Kichina na za Kihindi hatuelewi neno hata moja ila tukitoka pale kila mtoto anakusimulia mwanzo mwisho, kwa sababu mapema tu ulikuwa umeshajua staringi anatafuta nini na adui kamfanyia nini, hicho hakihitaji lugha. Baadaye zikaja za kutafsiriwa na hapo ndo nikajua kuna watafsiri na watafsiri. Mzuri hatafsiri kila neno, anakwambia "mcheki huyu, hajui kama anayemmiminia chai ndo kamuua kaka yake", kakupa siri ambayo staringi hana, sasa utatoka vipi hapo? Na ngumi zikianza ananyamaza. Mbaya anaongea mpaka mapigano yanaisha, unatamani ukae nje.

Hebu tuambie, video umeipa kichwa gani na inaanzaje?

Mtoto wa Igombe:
Kichwa ni "JINSI MJOMBA ALIVYOMWOKOA MVUVI ALIYEZAMA USIKU". Mwanzo najitambulisha, naeleza Igombe iko wapi na dagaa wanavuliwaje, mjomba anaingia kwenye dakika ya pili.

Banda la Igoma:
Basi umeshamwambia mtu taa ya sita ni ya nani kabla hajajua kama ziko sita.

Fundi Nyakato:
Mkuu mambo ni mepesi, watu wa sasa hawana muda. Kata iwe sekunde 30, toa vimya vyote hivyo, weka maandishi makubwa.

Dada wa Redio:
Fundi samahani, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Nimetengeneza vipindi vya redio hapa Mwanza miaka kadhaa na nakwambia kile kimya cha mjomba ndo stori yenyewe, ukikikata unabaki na taarifa. Watu hawakimbii urefu, wanakimbia kusubiri kitu wasichokijua. Mnakumbuka Twende na Wakati, ule mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993? Mara mbili kwa wiki, miaka na miaka, na watu walikuwa wanakatiza safari wakae karibu na redio. Yule Mkwaju dereva wa lori ulikuwa unamjua kama jirani yako, tamaa yake unaiona inampeleka wapi, unaumia kwa ajili ya mke wake Tunu, na kila sehemu inakuacha na swali. Utaratibu ule aliubuni Miguel Sabido kule Mexico kwa tamthilia za televisheni miaka ya 1970, ukaletwa huku ukawekwa redioni bila picha hata moja na ukashika vilevile. Tena haikuwa burudani tu, watafiti walilinganisha na Dodoma ambako mchezo haukurushwa mpaka 1995, na kule ulikosikika watu walibadilika zaidi kwenye uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Kwa hiyo kilichohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine ni mtu na anachokitaka. Vingine vyote ilibidi vishonwe upya, kwa mfano redioni jina unalirudia rudia maana msikilizaji anakaanga samaki huku mtoto analia.

Mdogo wangu, shangazi alisikiliza mpaka mwisho kwa sababu lile ziwa alilitengeneza yeye mwenyewe kichwani. Sasa nikuulize, picha uliyoweka mwanzo ina taa ngapi?

Mtoto wa Igombe:
Nyingi sana dada, ni picha ya ziwa lote limewaka kama mji.

Dada wa Redio:
Umeona eeh. Hapo akisema sita hakuna anayeshtuka. Anza na giza tupu na ule mlio wa karabai unaunguruma, kama mjomba bado anayo moja nyumbani muiwashe mrekodi. Halafu taa moja, mbili, mpaka tano, taratibu, mtazamaji ahesabu mwenyewe. Ya sita usiionyeshe mpaka mjomba aitamke.

Ngosha wa Kisesa:
Niongezee kidogo kwa upande wa ngoma. Mimi ni wa hapa Kisesa, Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, kila mwaka siikosi. Bagika na Bagalu, makundi mawili pinzani ya wacheza ngoma, wanacheza uwanja mmoja muda mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna kiti, hakuna tiketi, ukichoka unatembea hatua ishirini uko kwa wapinzani. Kwa hiyo hao wazee walishapambana na hiki mnachokiita sekunde kumi zamani sana, kabla ya simu.

Kuna mwaka nilisimama kwa wacheza nyoka. Sanduku liko katikati limefungwa, wanalizunguka, mmoja anainama anagusa kifuniko, anasikiliza, anaondoka anaendelea kucheza. Karibu saa nzima nimesimama juani na upande wa pili ngoma zinalia vizuri tu na sikuondoka, mpaka chatu alipotoka. Na alivyotoka tu, nikwambie ukweli, baada ya dakika chache watu walianza kusogea upande wa pili. Kichwa cha video yako kimemtoa chatu mlangoni.

Mtoto wa Igombe:
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Jana nilimpelekea mjomba simu aione ile video maana nilikuwa sijawahi kumwonyesha. Aliangalia mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza: "Mbona umeanza na kumwokoa? Mimi mwenyewe pale nilikuwa sijajua kama ni mtu."

Video nimeifuta. Karabai moja ipo, inadai utambi tu, kesho naenda sokoni Kirumba kuutafuta. Mbalamwezi ikianza narekodi upya palepale mwaloni, mama muuza uji awepo.