Je, ni haki kuadhibiwa kwa kuacha mechi ya kawaida?

Muulizaji, Goma:
Ndugu zangu, jana jioni umeme ulikatika hapa Himbi nikiwa katikati ya mechi ya kujifurahisha ya mchezo wa video mtandaoni, isiyo na daraja lolote. Ruta ikazimika, na niliporudi kwa data ya simu nikakuta nimefungiwa kucheza kwa dakika 15. Kosa langu ni lipi?

Jibu la kwanza:
Pole sana, ndugu. Hata hivyo, adhabu hizo naziunga mkono, kwa sababu anayetoka huwaacha wanne wapambane na watano, na hao wanne pia wamenunua megabaiti. Overwatch 2, mchezo wa video wa timu wa kupigana risasi, mwaka 2024 ilianza kumsimamisha kwa dakika 5 mchezaji aliyeacha angalau mechi 2 kati ya 20 za karibuni, na kwa saa 48 aliyeacha 10. Kupima mazoea hivyo ni haki kuliko kuadhibu tukio moja.

Jibu la pili:
Ni kweli, kwani seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, huona muunganisho umekatika tu. Haijui kama ni umeme au hasira. Mimi ruta yangu nimeiunganisha na betri ndogo ya sola ya volti 12.

Muulizaji:
Asanteni. Betri hiyo huhimili saa ngapi?