MREJESHO: LabVIEW kusoma vifaa vya mtandao, maabara ya Kigoma

Wakuu, salaam. Niliomba msaada hapa ili LabVIEW (programu ya kompyuta ya kusoma na kuendesha vifaa vya vipimo) isome maltimita (kipima umeme), kihisi cha joto na mita ya pH (kipima asidi). Vyote vina ukurasa wa wavuti: kwenye brauza namba unaziona, kwenye programu hakuna kitu.

Mliosema niachane na ukurasa wa maltimita niongee nayo moja kwa moja kwa TCP (njia ya kutumiana data mtandaoni), poti 5025, mbarikiwe sana. Kama mlivyoonya, amri lazima imalizike na \n (alama ya mstari mpya). Bila hiyo, ukituma *IDN? (amri ya kukiuliza kifaa ni kipi) inakunyamazia tu mpaka muda unaisha. Ukiiweka, papo hapo inajitaja: kiwanda, modeli, namba ya mashine. Nilicheka peke yangu maabara!

Kihisi kinajibu GET ya HTTP (ombi kama la brauza ikifungua ukurasa) kwa JSON (data iliyopangwa kwa maandishi), hicho hakikusumbua. Kilichosumbua ni umeme wetu huu: ukikatika na kurudi, kinaamka na IP (anwani ya mtandao) nyingine na programu inakipoteza. Ushauri wa kufunga IP kwenye ruta kwa kutumia anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) umemaliza kazi.

Mita ya pH ndiyo imegoma. Ushauri wa kuchota namba kwenye HTML (maandishi yanayounda ukurasa) haukufaa, maana JavaScript (programu ndogo ndani ya ukurasa) ndiyo inayozijaza ukurasa ukishafunguka. GET inaleta visanduku vitupu. Mwongozo wake nao hautaji anwani ya data. Kwa sasa pH ya maji ya ziwa tunaandika daftarini.

Mwenye mbinu ya hiyo pH aimwage hapa. Asanteni sana.